Kuajiri vijana wanne Changamwe: kuna mkono wa serikali kwenye mshahara?

Baridi_Changamwe anauliza:

Assalaam aleikum wadau. Karakana yetu iko Changamwe, Mombasa, tunatengeneza makontena ya baridi, AC za ofisi na friji za maduka. Tuko wafanyakazi 14. Ni kampuni iliyosajiliwa, ina PIN yake ya kodi, na inalipa kodi ya mapato ya kawaida, si ile ya mauzo.

Kazi imezidi mikono, tunataka vijana wanne. Wawili wana diploma ya chuo cha ufundi, wawili waliishia kidato cha nne, hawana cheti cha fundi ila mkono wanao. Nasikia kuna nafuu ya kodi ya nusu mshahara kwa anayeajiri vijana. Nasikia NYOTA, mradi wa serikali wa vijana. Na tozo ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, tunailipa kila mwezi bila kujua inaturudishia nini.

Naomba kuelewa ipi kati ya hizi inamfikia mwajiri wa ukubwa wetu, pesa inaingia lini na mfukoni mwa nani, na makaratasi gani nikiyakosa siku ya kwanza siwezi tena kuyatafuta baadaye. Mwenye hesabu aziweke wazi tafadhali.

---

Mhasibu_Ganjoni anajibu:

Waaleikum salaam. Nianze na la kodi, maana ndilo linalosambazwa nusunusu.

Nafuu unayoisikia iko kwenye kifungu cha 39B cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Kililetwa 2015, kanuni zake zikatoka 2016. Mwajiri anayechukua wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi, wasiopungua 10, kwa miezi 6 hadi 12 ndani ya mwaka wa mapato, anapata nafuu ya 50% ya mishahara aliyowalipa, na anaidai mwaka unaofuata. Mwanzoni ilikuwa kwa wahitimu wa vyuo vikuu pekee. Sheria ya Fedha ya 2021 ikawaingiza na wahitimu wa vyuo vya ufundi.

Kwa karakana yako mlango huu umefungwa mara mbili. Unataka vijana wanne, sheria inataka kumi. Na wawili kati yao si wahitimu wa chuo, kwa hivyo hata ungefika kumi hao wasingehesabiwa.

Kwa yeyote mwingine anayesoma ambaye ana nafasi ya kumi, haya ndiyo yanayoharibu dai. Kwanza, kuanza na kumi kamili. Mmoja akipata kazi bandarini mwezi wa nne, umebaki na tisa waliotimiza miezi sita na dai lote limeporomoka. Chukua 12 au 13. Pili, tarehe. Miezi sita inatakiwa iangukie ndani ya mwaka wa mapato, na kama mwaka wako unaishia Desemba, anayeanza Septemba atakuwa na miezi minne tu mwaka ukifungwa. Mwisho wa kuanza ni tarehe 1 Julai. Tatu, ni nafuu inayotegemea kodi unayodaiwa, si hundi ya serikali. Kampuni iliyopata hasara mwaka huo haioni shilingi mkononi. Kiwanda kilicho kwenye eneo la EPZ (viwanda vya kuuza nje), ndani ya ile miaka 10 ya kusamehewa kodi ya mapato, vilevile hakina cha kupunguziwa.

Hesabu ya mfano: vijana 10, kila mmoja 20,000 kwa mwezi, miezi 6, jumla 1,200,000. Nusu yake ni 600,000. Kwenye bajeti usiandike 600,000 kama pesa iliyookolewa. Andika kwa tahadhari, kana kwamba hiyo 600,000 inaongezwa kwenye gharama zinazotolewa kabla ya kodi. Kwa kiwango cha kodi cha 30% hiyo ni 180,000. Ikitoka zaidi ni heri. Mkataba wa kila kijana, nakala ya cheti chake, PIN yake na orodha za mishahara za kila mwezi vikae faili moja tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu dai linakuja mwaka wa pili ambapo nusu ya vijana wameshaondoka na nambari za simu wamebadilisha.

Sasa gharama yako halisi bila msaada wa yeyote. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu, kilichoanza 1 Novemba 2024, ni 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya nyumba. Ongeza posho ya nyumba ya 15%, ambayo ni 2,417.06, unafika 18,530.81. Juu ya hapo mwajiri anatoa akiba ya uzeeni ya NSSF 6% (1,111.85), ushuru wa nyumba 1.5% (277.96) na tozo ya NITA 50. Yaani kijana mmoja anakugharimu karibu 19,971 kwa mwezi kabla ya bima ya ajali kazini. Kwake yeye inakatwa NSSF 1,111.85, bima ya afya ya SHA 2.75% (509.60) na ushuru wa nyumba 277.96, anabaki na 16,631.40. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, hakuna, kiasi hicho uko chini ya 24,000.

Kumbuka hicho ni kiwango cha kibarua. Fundi, hata asiye na gredi, ana kiwango chake cha juu zaidi kwenye amri hiyohiyo ya mishahara, na wenye diploma usiwapange kwenye mstari wa kibarua. Wote wanne kwa miezi sita, ukiwalipa kiwango hicho cha chini kabisa, ni karibu 479,300. Hicho ndicho kiasi cha kujiuliza kama karakana inakimudu peke yake. Ikiwa haikimudu, usiajiri kwa kutegemea mpango wa serikali.

---

Mkufunzi_Kisauni anajibu:

Mhasibu kamaliza la kodi. Mimi niseme la mafunzo, kwa sababu Kenya mkono wa serikali kwa mwajiri mdogo unapitia huko zaidi kuliko kwenye mshahara.

Wale wawili wa kidato cha nne ndio wanaolengwa na NYOTA, mradi wa serikali unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Unachukua vijana wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa mwenye ulemavu, ambao elimu yao haizidi kidato cha nne. Wenye diploma hawaingii. Tazama ilivyokaa: nafuu ya kodi inamtaka aliyesoma chuo, NYOTA inamtaka asiyesoma chuo. Vijana wako wanne hawawezi kupita mlango mmoja, kwa hivyo wapange mafungu mawili tangu sasa.

NYOTA ina sehemu kadhaa na watu wengi wanajua moja tu, ile ya mtaji wa biashara. Unayoitaka wewe ni ya kujifunza kazi palepale kazini, kijana anapowekwa chini ya fundi mahiri au mwajiri. Kijana ndiye anayeomba, wewe huombi kwa niaba yake. Wewe unajisajili kama mwenye nafasi na fundi wa kufundisha. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hivyo vijana wawe na kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lilelile la kwenye kitambulisho. Posho za miradi hii hupita kwenye simu, na laini ya mama au ya kaka ndiyo inayokwamisha malipo mara nyingi kuliko sababu nyingine yoyote. Mradi uliotangulia, KYEOP, ambao Mombasa ilikuwemo, ulimlipa kijana 6,000 kwa mwezi, na mpangilio wake ulikuwa miezi 3 ya mafunzo na miezi 3 ya kazini. Pesa hiyo ilikuwa ya kijana, nauli na chakula chake. Haikuwa ruzuku ya mwajiri, na ukiipanga kama sehemu ya mshahara unaoudaiwa utagombana na kijana na mradi pia.

NITA. Kwa watu 14 mnatoa 14 × 50 × 12, ambayo ni 8,400 kwa mwaka. Tozo hiyo ni ya mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wa mtu, na sasa hulipwa kupitia KRA, mamlaka ya kodi. Mwajiri asiye na deni la tozo anaweza kudai kurudishiwa gharama za kumfundisha mfanyakazi. Neno la kushika ni *kabla*. Kozi iidhinishwe na NITA kabla ya kuanza, na mkufunzi awe amesajiliwa nao. Ukimpeleka kijana kozi ya umeme wiki hii, ukaleta risiti wiki ijayo ndipo uulize, jibu ni hapana. Orodha ya mahudhurio iliyotiwa sahihi kila siku inahesabiwa sawa na risiti.

Kuna jambo jingine ambalo kwa karakana ya baridi lina faida kuliko posho: kuwapa hao wawili cheti. Njia ni mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi ya III, kisha II, kisha I. Na kama una mafundi wa zamani wenye ujuzi bila karatasi, kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao pia ni sehemu ya NYOTA. Fundi aliyetambuliwa hivyo ndiye anayefaa kuandikwa kama mfundishaji wa vijana.

Andika mpango wa mafunzo wa miezi sita, kurasa mbili zinatosha, ila uwe wa kazi yenu hasa. Mwezi wa kwanza ni usalama na vifaa. Kontena la baridi linakula umeme wa awamu tatu wa volti 380 hadi 460, kwa hivyo kijana asiguse kisanduku cha umeme mpaka ajue kukata, kufunga kwa kufuli na kupima kwamba umeme umekufa kweli. Mwezi wa pili na wa tatu ni mabomba: kuchomelea, kujaza naitrojeni na kuangalia kama shinikizo linashuka. Usimfundishe kutafuta mvujo kwa kujaza gesi na kusikiliza, ni hasara na inachafua hewa. Mwezi wa nne ni kuvuna gesi ya zamani kwa mashine badala ya kuiachia hewani, kuvuta ombwe (kutoa hewa yote kwenye mabomba) hadi chini ya maikroni 500, kisha kujaza gesi ya R134a kwa mizani, si kwa kukisia. Miezi miwili ya mwisho kijana ashughulikie hitilafu mwenyewe, fundi akiwa nyuma yake. Fundi mmoja asibebe zaidi ya vijana wawili.

Penye tatizo ni hapa: kijana anakaa miezi mitatu akifagia na kununua chai, daftari lake la kazi halina sahihi, halafu mkaguzi anakuja na hakuna kitu cha kumuonyesha. Fundi atie sahihi daftari kila Ijumaa kabla ya kufunga.

---

Wakili_wa_Kazi anajibu:

Naongeza la mkataba, kwa sababu hapo ndipo msaada wa serikali hugeuka kesi.

Neno «posho» halimfanyi mtu asiwe mfanyakazi. Kijana anayeingia saa mbili, anatoka saa kumi na moja, anatengeneza friji ya mteja na mteja analipa, ni mfanyakazi hata ukimwandika mwanagenzi. Ukitaka awe mwanagenzi kweli, mkataba wake uwe wa maandishi na usajiliwe NITA chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, na uonyeshe atafundishwa nini na kwa muda gani.

Ukimchukua kama kibarua wa kutwa ili uone mambo yanavyokwenda, soma kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi na haki zake zote. Njia safi kwako ni mkataba wa kipindi cha majaribio. Kisizidi miezi sita. Unaweza kukiongeza kwa makubaliano, ila jumla isipite miezi 12. Ndani yake kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba au mshahara wa siku saba.

Bima ya ajali kazini usiiahirishe hata wiki. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Majina ya vijana yaongezwe kwenye bima kabla hawajavuka geti. Karakana yenye mitungi ya shinikizo na umeme wa awamu tatu haina siku ya kwanza isiyo na hatari. Ajali ikitokea, ripoti ifike kwa idara ya usalama kazini ndani ya siku saba, na ikiwa kuna kifo ndani ya saa 24.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Usimpunguze mtu wa zamani ili umuingize kijana mwenye msaada. Kupunguza wafanyakazi kuna notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, kuna malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, na sababu yake lazima iwe ya kweli. Kubadilisha mzee kwa kijana wa bei nafuu si sababu.

---

Sera_na_Kazi anajibu:

Hilo la mwisho la Wakili ndilo linaloumiza mipango ya ruzuku duniani kote, na ni vizuri tulijue kabla hatujaomba kaunti au bunge lituletee mpango kama wa wenzetu.

Afrika Kusini wana wa moja kwa moja kabisa. Ulianza 1 Januari 2014. Mwajiri anamchukua kijana wa miaka 18 hadi 29 na anapunguza kiasi cha ruzuku kwenye PAYE anayopeleka kila mwezi, hangoji mwaka upite. Tangu Aprili 2025 mshahara usiofika randi 2,500 unapata 60% yake, wa 2,500 hadi 5,500 unapata randi 1,500 kwa mwezi, kisha msaada unashuka taratibu hadi sifuri kwenye 7,500. Hicho ni kiwango cha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ni nusu, halafu basi. Mwajiri akithibitika kumwondoa mfanyakazi ili ampate mwenye ruzuku, anatozwa randi 30,000 kwa kila mtu.

Kwa mwenye karakana uzuri wake ni kwamba pesa inakuja mwezi uleule mshahara unapotoka, na hakuna idadi ya kumi, mmoja anatosha. Ubaya wake uko kwenye ule mteremko. Kati ya 5,500 na 7,500, kila randi 100 unayomwongeza kijana inakunyima randi 75 za msaada, kwa hivyo nyongeza ya 100 inakugharimu 175. Kijana hodari anakwama palepale. Tena zilizuka kampuni zilizoandikisha «wafanyakazi» ambao kwa kweli walikuwa wanafunzi wasiofanya kazi yoyote, zikadai ruzuku zao, mpaka sheria ikabadilishwa kuziba mwanya.

Jordan nayo ilijaribu 2010, kwa wasichana waliomaliza vyuo vya kati: vocha ya dinari 150 kwa mwezi, sawa na mshahara wa kima cha chini, kwa miezi sita. Vocha zikiwa hai, ajira ilipanda sana. Vocha zilipokwisha, tofauti kati ya waliozipata na wasiozipata ikayeyuka. Msaada ulilipia miezi sita, haukujenga ujuzi ambao mwajiri angeulipia kwa pesa yake.

Ndiyo maana mimi nasimama upande wa Mkufunzi. Kenya ikitaka kuongeza kitu, iondoe ile kumi kwenye 39B iwe hata wawili, na iruhusu punguzo la kila mwezi badala ya kungoja mwaka. Lakini pesa iandamane na cheti cha gredi, la sivyo tutapata miezi sita ya Jordan hapa Changamwe.

---

Baridi_Changamwe:

Nashukuru sana nyote. Swali la nyongeza: karakana tatu hapa jirani zina shida hiyohiyo. Tukijumlisha vijana wetu tukafika kumi, nafuu ya kodi haiwezi kupatikana? Na mwenye ulemavu, kuna chochote cha ziada? Mmoja wa vijana wa diploma ana ulemavu wa mguu.

---

Mhasibu_Ganjoni:

La, yakhe. Masharti ya 39B ni kwa mwajiri mmoja, na mwajiri kwa KRA ni PIN. Karakana tatu ni PIN tatu. Uingereza, kwenye mpango wao wa Kickstart wa 2020, waliruhusu waajiri wadogo kujumuika kufikia nafasi 30 zilizotakiwa, na Februari 2021 wakaliondoa sharti la 30 lenyewe. Kwetu kanuni za 2016 hazina mlango huo. Msijaribu kuhamisha vijana kwenye PIN ya mmoja huku wanafanya kazi kwa wengine. Hiyo ni taarifa ya uongo kwenye marejesho ya kodi, na adhabu yake itamla huyo mmoja.

La ulemavu, ndiyo. Sheria ya 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi kutoa kwenye mapato yanayotozwa kodi 25% ya ziada ya mshahara wa mfanyakazi mwenye ulemavu, hata mmoja, hata mwanagenzi, na nusu ya gharama ya kurekebisha jengo au vifaa kwa ajili yake. Sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi yake, kwa hivyo chukua masharti ya sasa kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kabla ya kuandika hesabu. Kijana aanze usajili wake wa ulemavu leo. Una hatua za hospitali ndani yake, na bila kadi hiyo huna dai.

---

Mkufunzi_Kisauni:

Kwenye mafunzo lakini kujumuika kunafaa sana. Karakana tatu mkikodi mkufunzi mmoja aliyesajiliwa, kila moja ikatoa vijana wake, gharama kwa kichwa inashuka. Kila mwajiri apate ankara yake kwa jina lake na idhini yake ya NITA, ankara moja ya pamoja itawakwamisha wote. Chagueni Jumamosi, meli zikiwa chache, na mkusanyike kwa yule mwenye mashine ya kuvunia gesi, kwa sababu hiyo ndiyo vijana wengi wanafika kwenye mtihani bila kuwahi kuishika.